Maharage yakishatokota, mkaa wa kuongeza unakwenda wapi?

Shangazi yangu wa Temeke hupika maharage kwa kupepea. Akishabandika sufuria kwenye jiko la mkaa anavuta kigoda, anashika upepeo wake wa ukili, na hata maji yakianza kutokota haachi. Anaongeza mkaa, anapepea, mfuniko unarukaruka, dirisha zima linajaa mvuke. Siku moja nikamwambia, "Shangazi, si yameshachemka? Punguza moto." Akanijibu bila kugeuka, "Yakichemka kwa nguvu ndiyo yanaiva, mwanangu."

Nilikuwa na kipimajoto cha jikoni, kile chenye sindano ndefu. Nikakitumbukiza kwenye sufuria. Kikasoma nyuzi joto 100. Akapepea mpaka mkaa ukawa mwekundu hadi ndani na maji yakawa yanamwagikia pembeni. Nyuzi 100. Mkono ukamchoka, moto ukapoa, mapovu yakawa yanapanda moja moja kwa uvivu. Nyuzi 100. Akakitazama kile kipimo kwa muda, kisha akauliza: "Sasa moto wote ule niliokuwa naupepea umekwenda wapi?"

Ni swali zuri kuliko anavyodhani. Ukilijibu sawasawa umeelewa sehemu kubwa ya elimu ya joto, na kulijibu sawasawa kunataka kwanza tukubaliane joto ni nini.

Katika mazungumzo ya kila siku tunalisema joto kana kwamba ni kitu. Joto limeingia ndani, funga mlango lisitoke, chai imepoteza joto lake. Mabingwa wa sayansi wa Ulaya nao walilifikiria hivyo hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 1789 Mfaransa Antoine Lavoisier, mtu ambaye kemia ya leo ina deni kubwa kwake, aliliweka joto katika orodha yake ya elementi, pamoja na oksijeni na dhahabu. Aliliita kaloriki: kimiminika kisicho na uzito, kinachotiririka kutoka kwenye kitu cha moto kwenda kwenye kitu cha baridi.

Aliyeitia doa kubwa fikra hiyo ni Benjamin Thompson, Mmarekani aliyekuwa akiitumikia serikali ya Bavaria na kujulikana kwa cheo cha Count Rumford. Kazi yake mojawapo ilikuwa kusimamia karakana ya mizinga mjini Munich, ambako vipande vya shaba nyeusi vilipekechwa katikati ili vipate tundu la risasi. Aliona shaba hiyo inapata moto mkali wakati wa kupekechwa. Akatengeneza jaribio: keekee butu, kipande cha mzinga kilichozamishwa kwenye sanduku lenye maji kilo 8 na nusu hivi, na farasi wa kuzungusha. Baada ya saa mbili na nusu maji yalichemka. Hapakuwa na moto wowote. Taarifa yake ya mwaka 1798 iliuliza jambo ambalo wafuasi wa kaloriki hawakuwa na jibu lake zuri: kama joto ni kimiminika kilichohifadhiwa ndani ya shaba, mbona halikwishi? Kadiri farasi walivyoendelea kuzunguka, ndivyo joto lilivyoendelea kutoka. Kilichokuwa kinaingia kwenye sanduku lile ni kimoja tu, nacho ni mwendo.

Wazee wetu waliowasha moto kwa kupekecha kijiti juu ya kipande cha mti mkavu walikuwa na jaribio lile lile viganjani mwao, miaka mingi kabla ya Munich.

Mwendo wa nini, basi? Wa chembe. Sufuria, maji, hewa, harage na kidole chako vyote vimejengwa kwa atomi na molekuli, na hizo hazitulii hata kidogo. Ndani ya yabisi kila chembe ina mahali pake, inatetemeka papo hapo. Ndani ya kimiminika zinagusana lakini zinapenyezana, kama watu wa Kariakoo siku ya kuamkia Idi: hakuna nafasi ya kuweka mguu, ila kila mtu anasogea. Ndani ya gesi zimeachana kabisa, zinaruka ovyo mpaka zigongane. Hewa ya chumbani mwako ina molekuli zinazokwenda kwa wastani wa mita 500 hivi kwa sekunde, kasi kuliko sauti. Hazifiki mbali kwa sababu kila moja inagongwa na wenzake mara bilioni kadhaa katika sekunde hiyo hiyo.

Huu si mfano wa kufundishia tu. Mwaka 1827 Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti, aliona kwa hadubini vipande vidogo vilivyotoka kwenye chavua vikichezacheza majini bila kukoma. Alidhani pengine ni uhai, akajaribu unga wa mawe, nao ukacheza. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwa hesabu kwamba vipande vile vinasukumwasukumwa na molekuli za maji zisizoonekana, na Mfaransa Jean Perrin akapima mwenendo huo kwa uangalifu mkubwa hadi wabishi wakanyamaza. Alipewa Nobeli mwaka 1926.

Kutoka hapo tunapata maneno mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Halijoto, ambayo wengine huiita jotoridi, inatuambia chembe za kitu zinakwenda kwa nguvu kiasi gani kwa wastani. Joto ni nishati inayohama kutoka kwa chembe zenye mwendo mkubwa kwenda kwa zenye mwendo mdogo. Cheche ya mkaa inayokurukia mkononi ina halijoto ya mamia ya nyuzi, lakini chembe zake ni chache. Inakuchoma kama sindano na kwisha. Kata moja ya uji wa nyuzi 90 itakupeleka hospitali. Cheche ina halijoto kubwa zaidi, uji una nishati nyingi zaidi, na ngozi inaumia kwa nishati inayoingia.

Moto uliojificha

Sasa turudi Temeke. Maji ya bomba yaliingia sufuriani yakiwa na nyuzi 25 hivi. Moto ukazipa molekuli zake mwendo, zikaongeza kasi, na kipimajoto kikapanda. Kupandisha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunataka nishati ya kilojuli 314 hivi; kilojuli, yaani juli elfu moja, ni kipimo cha nishati.

Lakini molekuli za maji zinashikana. Kila moja inavutwa na jirani zake, na ndiyo maana maji yanakaa kwenye kikombe badala ya kutawanyika chumbani kama hewa. Kwenye nyuzi 100, pwani, mambo yanabadilika: nishati inayoingia haiendi tena kuongeza kasi, inakwenda kuzinasua molekuli kutoka kwenye mikono ya wenzake. Kila kilojuli unayoongeza inalipia molekuli nyingine kujitoa na kuwa mvuke. Mwendo wa wastani unabaki pale pale, na kipimajoto, ambacho hakijui kupima kingine isipokuwa huo mwendo, kinasimama. Molekuli za mvuke wa nyuzi 100 hazina kasi kuliko za maji ya nyuzi 100. Tofauti yao ni kwamba hizi bado zimeshikwa, zile zimeachiwa.

Gharama ya kuachiwa ni kubwa mno. Kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka iwe mvuke mtupu kunataka kilojuli 2,260, mara saba ya ile ya kuyachemsha kutoka baridi. Joseph Black, daktari na mkemia wa Glasgow, ndiye aliyeligundua jambo hili katika miaka ya 1760, akaliita joto fiche. Jina limekaa vizuri. Limeingia, halionekani kwenye kipimo, lakini limo.

Na likitoka utalijua. Mvuke ukigusa ngozi unageuka maji papo hapo, na katika kugeuka unarudisha zile juli zote ulizokopa, ndipo yale maji ya moto nayo yaanze kukuchoma kwa zamu yake. Ndiyo maana mtu aliyefunua sufuria kwa pupa huungua vibaya kuliko aliyerukiwa na matone ya maji yale yale.

Kwa hiyo, Shangazi, moto wako umetokea dirishani. Harage lililozama majini halina habari na upepeo wako; linachojua ni molekuli za nyuzi 100 zinazoligonga, na hizo zinaligonga kwa nguvu ile ile mapovu yakiwa mengi au machache. Tukipiga hesabu ya haraka: ukipoteza nusu lita ya maji kwa mvuke usiohitajika umetupa kilojuli 1,130. Kilo moja ya mkaa mzuri hutoa kilojuli 29,000 hivi, lakini katika jiko la kawaida huenda robo tu ikafika sufuriani, na nyingine inapotelea pembeni. Hiyo nusu lita imekula gramu 150 za mkaa, na mkaa wa Dar es Salaam kila mtu anajua bei yake.

Hapa natamani kila mwalimu wa sayansi angeanzia jikoni. Nilifundishwa joto fiche kwa mchoro wa mstari unaopanda, ukalala, ukapanda tena, nikaukariri kwa ajili ya mtihani. Hakuna aliyeniambia kwamba ule mstari uliolala ni pesa ya mkaa.

Kwa nini Lushoto yanachelewa

Nimesema nyuzi 100 "pwani", na neno hilo lina maana yake. Povu linalozaliwa chini ya sufuria ni chumba kidogo cha mvuke ndani ya maji, na juu yake limebebeshwa uzito wa hewa yote ya angani. Lisipokuwa na molekuli za kutosha zinazosukuma kutoka ndani, linabanwa na kufa. Kuchemka ni pale mvuke unapopata nguvu ya kulingana na mgandamizo wa hewa.

Panda mlima, hewa iliyo juu yako inapungua, povu linapata nafuu, maji yanachemka mapema. Lushoto mjini, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ni nyuzi 95. Nairobi ni 94 na kidogo. Kwenye kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, mita 5,895, maji yanatokota kwa mbwembwe zote kwenye nyuzi 80 na ushee, na ukiyabandikia maharage pale utachoka kusubiri. Watu wa milimani husema maharage yao ni magumu. Mara nyingi harage halina kosa, maji ndiyo hayafiki. Sufuria ya presha inafanya kinyume chake: inaunasa mvuke, mgandamizo unakaribia mara mbili ya ule wa kawaida, na maji yanalazimika kungoja mpaka nyuzi 120 hivi ndipo yachemke.

Maji hayangoji kuchemka ili yaondoke, lakini. Hata kwenye nyuzi 25 zipo molekuli chache zenye bahati, zilizogongwa vizuri zikapata kasi kubwa kuliko wenzake, na zikiwa juu kabisa ya maji zinachomoka. Zinapoondoka zile zenye kasi, wastani wa zilizobaki unashuka. Maji yanapoa. Hiyo ndiyo siri nzima ya mtungi: udongo uliochomwa una vitundu, maji yanajipenyeza hadi nje, yanakauka, na kila molekuli inayoruka inaondoka na mwendo kutoka kwa zilizobaki ndani. Dodoma, penye hewa kavu, mtungi unapoza maji mpaka meno yanauma. Zanzibar siku ya unyevu mwingi hauna nguvu hiyo, kwa sababu molekuli zinazorudi kutoka hewani zinakaribia idadi ya zinazotoka. Jasho nalo ni mtungi uleule, umejengwa mwilini.

Nikiwa Lushoto siwezi kumpita Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa ya kuchemsha na sukari. Nafasi ya friza ilikuwa ya kugombania. Akauingiza mchanganyiko wake ungali wa moto, na baadaye akakuta umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Aliuliza, wakamcheka. Akaendelea kuuliza hadi alipompata Denis Osborne, mwanafizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambaye hakucheka bali alikwenda kupima. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na leo jambo hilo linabeba jina la Mpemba duniani kote. Ubishi haujaisha: wapo waliolieleza kwa maji ya moto kupoteza sehemu yake kwa mvuke, wengine kwa mizunguko ndani ya chombo, wengine kwa barafu ya friza inayoyeyuka chini ya chombo cha moto na kukikalisha vizuri zaidi, na mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia vipimo kwa makini wakasema hawakuona ushahidi wa kuridhisha. Mimi nachukua jambo moja: kitu cha moto hakipoi kwa njia moja. Kina milango mingi ya kutolea mwendo, na kila mlango una kasi yake.

Milango yenyewe

Njia ya kwanza ni mpitisho, chembe kumtikisa jirani yake. Katika sufuria ya aluminiamu kuna na wasaidizi, elektroni zisizofungwa kwenye atomi yoyote, zinazokimbia huku na huku zikisambaza mtikisiko. Mbao haina hizo. Aluminiamu inapitisha joto zaidi ya mara 1,000 ya mbao, na ndiyo maana mwiko unaweza kukaa sufuriani nawe ukaushika.

Jaribu hili asubuhi ya baridi. Gusa mlango wa mbao, kisha kitasa chake cha chuma. Kitasa kitakuwa cha baridi, na utaapa kwamba halijoto yake ni ndogo. Si kweli, vimelala pamoja usiku kucha, halijoto yao ni moja. Kitasa kinachukua mwendo wa chembe za kidole chako na kuupeleka mbali upesi, mbao inauchukua na kukaa nao palepale. Ngozi haipimi kitu kina nyuzi ngapi, inapima joto linaingia au linatoka kwa kasi gani. Jambo hili dogo limewapotosha watu wengi kuhusu joto kuliko kosa lolote la vitabuni.

Njia ya pili ni myuko: maji ya chini yakipata moto yanatanuka, yanakuwa mepesi, yanapanda, ya juu yanashuka. Ndiyo inayoyazungusha maharage bila wewe kuyakoroga. Ya tatu ni mnururisho, nayo ni ya ajabu kwa sababu haihitaji chembe njiani. Chembe zinazotikisika hutoa mawimbi ya jamii moja na mwanga. Mawimbi yanavuka utupu, yakigonga kitu yanatikisa chembe zake. Jua linatufikia hivyo, kilomita milioni 150, kwa dakika 8 hivi. Kaa jekundu linalokuchoma uso ukiwa umekaa pembeni ya jiko, mahali ambapo hewa ya moto haifiki, linakufikia hivyo hivyo.

Mwendo ukishafika ndani ya harage unafanya kazi iliyotupeleka jikoni. Seli za harage, yaani vijumba vidogo vinavyolijenga, zimegandishwa pamoja na gundi iitwayo pektini. Molekuli za maji zenye kasi zinaivunjavunja gundi hiyo taratibu, huku wanga wa ndani ukinyonya maji na kuvimba. Ndiyo kuiva. Wanaotia magadi wanaisaidia pektini kuachia mapema, na maji ya chumvichumvi yenye chokaa nyingi huichelewesha, kwa sababu chokaa inaikaza. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji maji yarukeruke. Vinahitaji maji ya moto na muda.

Ndiyo maana Jumamosi iliyofuata nilimletea Shangazi kapu kubwa la ukili. Tulilijaza majani makavu ya mgomba na vipande vya kanga kuukuu, kwa sababu hewa iliyonaswa katikati ya vitu hivyo ina molekuli chache, zinazopokezana mwendo kwa uvivu. Maharage yalilala majini usiku kucha. Asubuhi tukamwaga maji yale, tukatia mapya, tukayachemsha kwa robo saa kamili. Hilo la kuchemsha msilirukie, maana maharage mekundu yana sumu ambayo maji ya vuguvugu hayaiui. Yanataka mchemko wa kweli wa dakika 10 au zaidi. Saa nne asubuhi tukaepua, tukafunika, tukaizika sufuria kapuni, na jiko likazimwa.

Shangazi alizunguka zunguka nyumba siku nzima kama mtu aliyesahau kitu, mara mbili nikamkuta ameweka kiganja juu ya kapu. Saa tisa alasiri tukalifungua. Mvuke ukapanda kidogo. Kipimajoto kikasoma nyuzi 79. Akachota harage moja kwa kijiko, akalipuliza, akalibana kati ya kidole gumba na cha shahada, nalo likabonyea.

"Nipe chumvi," akasema.